Shosho Hakuwa na Muda, na Bado Alisokota

Kuna swali moja ambalo kila mtu wa kazi za mikono ameshaulizwa: "Wewe hutoa wapi muda?" Dem anayefuma krosheti kwa matatu ya jioni anaulizwa. Mama anayesokota uzi wa kiondo, mtoto mgongoni na githeri jikoni, anaulizwa. Linaulizwa kwa tabasamu, lakini hebu lisikilize vizuri. Ndani yake kuna shaka kwamba kama una muda wa kucheza na nyuzi, basi huna kazi ya maana.

Nimekuwa nikisoma historia ya uzi kwa miezi kadhaa sasa, na nimefika mahali naona swali lenyewe limekaa kombo. Linachukulia kwamba kuna saa fulani ambayo mtu aliitenga akasema, hii ni ya kusokota. Kwa wengi waliovalisha dunia kabla ya mashine kuja, hiyo saa haikuwepo. Walisokota wakingoja maji yachemke, wakingoja mtoto alale, wakingoja mteja sokoni. Na kwa sababu kazi yao haikuwa na saa yake, hakuna aliyeihesabu. Mimi nataka tuihesabu leo, kwa sababu hesabu hiyo iliyorukwa bado inatugharimu, hata sisi vijana wa tao.

Kiondo huanzia wapi

Chukua kiondo. Wakamba wanakiita kyondo, Wakikuyu wanakiita kĩondo, na hata kama kwenu nyumbani hakuna, umekiona Maasai Market ama kwa bega la mwalimu wako wa shule ya msingi. Ukikiangalia unaona ususi: mistari, rangi, mkanda wa ngozi. Uzi hauuoni. Lakini kabla ya mstari wa kwanza kusukwa, kuna mtu alikuwa ameshakaa chini akasokota uzi, na mara nyingi ni yuleyule aliyesuka.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Jani la mkonge linakwanguliwa mpaka nyama yake ya kijani itoke, zibaki nyuzi nyeupe. Zinaoshwa, zinaanikwa, nyingine zinatiwa rangi. Kisha mwanamke anachukua vifungu viwili vyembamba, anaviweka juu ya paja, anavisukuma kwa kiganja kuelekea goti. Kila kifungu kinajipinda kivyake. Halafu anarudisha kiganja nyuma, na vifungu viwili vinakumbatiana kuwa uzi mmoja. Msokoto wa kwanza unaenda upande huu, wa pili unaenda upande ule, na kule kupingana ndiko kunaufunga uzi usifumuke. Kifungu kikikaribia kuisha, anaunga kingine kabla mwisho haujafika. Hakuna mashine, hakuna hata kijiti. Ni paja na kiganja tu.

Anti yangu alinionyesha hii kitu mchana mmoja. Baada ya saa nzima nilikuwa na uzi ambao haungezunguka kitako cha kiondo kidogo hata mara tatu, na paja linaniwasha kama nimepakwa upupu. Yeye, saa hiyohiyo, alikuwa amesokota kibonge cha ukubwa wa ngumi, amepokea simu mbili, ameuza mayai, na amefukuza mbuzi kwa mahindi. Nilimuuliza kiondo kimoja hutaka vibonge vingapi. Akacheka, akasema hajawahi kuhesabu.

Na huo mkonge wenyewe ni mgeni hapa kwetu. Mwaka 1893, Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliuleta Tanga kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa, 62 tu ndiyo iliyopona. Kutoka kwa hiyo 62 yakaja mashamba makubwa ya Tanganyika, na mwanzoni mwa karne ya 20 mkonge ukaingia kwa mashamba ya walowezi Kenya pia. Kabla ya hapo Wakamba walitoa nyuzi kwa gome la mbuyu, na Wakikuyu kwa gome la vichaka kama mũgio. Walowezi walilima mkonge wauze kamba na magunia ng'ambo. Wanawake wakaupanda kama ua la boma, wakaukwangua, wakausokota kwa paja vilevile kama nyuzi za zamani. Malighafi ilibadilika. Mbinu haikubadilika, kwa sababu mbinu ilikuwa imetoshea mahali pamoja muhimu sana, ndani ya siku yenyewe.

Kazi ya kungoja

Hebu fikiria siku ya mwanamke wa Ukambani zama za ukoloni. Kodi ya serikali imesukuma wanaume watafute pesa: wengine jeshini, wengine relini, wengine kwa mashamba ya walowezi. Nyumbani amebaki yeye, watoto, shamba, mifugo, kuni na maji, na maji yenyewe yako mbali. Siku kama hiyo haina nafasi. Ukimwambia "tenga saa mbili za kusokota" atakuona umerukwa na akili.

Lakini siku hiyo imejaa kungoja. Kisima cha mchangani hujaa polepole, so unangoja zamu yako. Maharagwe hayaivi haraka kwa sababu una haraka. Mtoto hunyonya kwa mwendo wake. Sokoni, kati ya mteja mmoja na mwingine, kuna dakika kumi, kuna nusu saa. Kusokota kwa paja kunataka tu ukae, hata kama ni dakika tano. Kusuka hakutaki hata hizo. Ndiyo maana kuna picha za zamani za wanawake wakitembea na mzigo mgongoni, kamba ya mzigo imekaza kwenye paji la uso, na mikono inaendelea kusuka kiondo ambacho nyuzi zake zinaning'inia kama ndevu.

Mwaka 1970, mwanaanthropolojia wa Marekani anaitwa Judith Brown aliandika makala fupi sana kuhusu swali hili: kwa nini jamii nyingi duniani ziliwaachia wanawake kazi zilezile? Jibu lake halikuwa kwamba mikono yao ni laini ama wana subira ya asili. Alisema jamii ikitegemea kazi ya mwanamke ambaye pia ndiye anayelea mtoto, basi inampa kazi zinazokaa pamoja na ulezi. Kazi isiyotaka umakini wako wote. Kazi unayoweza kuikatiza na kuirudia bila hasara. Kazi isiyoweza kumwumiza mtoto. Kazi isiyokupeleka mbali na nyumbani.

Soma hiyo orodha tena ukifikiria kusokota. Mtoto akilia unaweka uzi chini. Hauungui kama chapati, haumwagiki kama maziwa. Ukirudi baada ya siku mbili unaanza pale ulipoachia. Kwa hivyo sisi tunaposema "alipata muda wa kusokota," tunageuza mambo. Watu walichagua kusokota, vizazi na vizazi, kwa sababu ni kazi inayokubali kukatizwa. Familia yenye kelele na mahitaji ilikuwa ndiyo karakana yenyewe.

Hata Kenyatta aliiona. Kwa kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938 kuna sura nzima ya kazi za mikono za Wakikuyu: kujenga, kufua chuma, kufinyanga vyungu, kusuka viondo, kutengeneza ngozi. Viondo aliviweka upande wa wanawake. Lakini fikiria vile tunazungumza kuhusu hizo kazi leo. Mhunzi ana jina lake na heshima yake, na ana mahali pake pa kazi ambapo watu walikuwa wanamwendea. Msokotaji hana karakana, kwa hivyo ni kama hakuwa kazini. Mimi niliacha chuo nikaanza kutengeneza kontenti, na najua vile watu hukuangalia ukiwaambia kazi yako haina ofisi. Sasa fikiria kuangaliwa hivyo kwa karne kadhaa.

Si sisi pekee

Ukivuka mpaka hadi Ethiopia, pamba ya shuka zile nyeupe nzuri kwa desturi husokotwa na wanawake nyumbani, na wanaofuma kitambaa ni wanaume. Mfumaji ana kiti chake, ana kitanda chake cha kufumia, ana sifa yake. Uzi unamfikia ukiwa tayari. Ukienda milima ya Andes, Peru, utakuta wanawake wanatembea nyuma ya kondoo huku kijiti cha kusokotea sufu kinazunguka kikining'inia hewani. Ulaya ya zamani ilikuwa hivyohivyo: fimbo yenye furushi la sufu imechomekwa kwa mshipi, kijiti kinazunguka, mama anatembea.

Uingereza walikuwa hata na siku yake. Sikukuu za Krismasi zikiisha, tarehe 7 Januari, wanawake walirudi kwa nyuzi zao, na siku hiyo ikapewa jina la mzaha la mtakatifu ambaye hakuwahi kuwepo, Mtakatifu Distaff. Distaff ndiyo ile fimbo ya sufu. Na neno spinster, ambalo siku hizi Waingereza hulitumia kumdharau mwanamke ambaye hajaolewa, maana yake ya kwanza ilikuwa tu mwanamke msokotaji. Yaani jina la kazi liligeuzwa likawa jina la kukosa mume. Manze, dharau ya aina gani hiyo?

Na hiyo kazi haikuwa ndogo. Kabla ya mashine, mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa ndiyo asikae bure, kwa sababu kusokota huchukua muda mwingi kuliko kufuma. Kila shati, kila tanga la meli, kila sanda ilianza na mikono mingi iliyokuwa inangoja kitu kingine. Tunasoma kuhusu meli zilizovuka bahari, na nani alikuwa nahodha. Tanga lilisokotwa na nani? Jibu kwa kawaida ni "wanawake fulani," halafu kitabu kinaendelea.

Pwani yetu na kitambaa cha merikani

Kwetu Afrika Mashariki ushahidi uko chini ya ardhi. Wanaakiolojia waliochimba miji ya kale ya Waswahili kama Shanga, kule Pate, na Kilwa, walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa vikawa mviringo na kutobolewa katikati. Vinaonekana kama kitu cha kuchezea. Kumbe ni uzito wa kijiti cha kusokotea pamba: unakivika kwa kijiti ndiyo kizunguke kwa muda mrefu. Mtu alivunja chungu, akaona kipande kizuri, hakukitupa. Alikichonga, akakitoboa, akasokota nacho. Kaskazini zaidi, Ibn Battuta alipita Mogadishu mwaka 1331, akaandika kwamba mji ulikuwa na kitambaa chake chenye jina la mji, kilichouzwa hadi Misri. Kwa hivyo pwani hii haikuwa ikingoja mtu wa mbali aje kuivalisha.

Halafu karne ya 19 ikaja na merikani. Ulishajiuliza kwa nini kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kinaitwa merikani? Kilitoka Marekani. Sultani Seyyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha majora ya kitambaa Zanzibar na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Kutoka Zanzibar, merikani iliingia bara na misafara ikawa kama pesa: ulilipia chakula kwa mikono na dhiraa za kitambaa.

Bei yake ilikuwa ngumu kwa msokotaji yeyote kushindana nayo. Lakini bei ya chini ina historia yake pia. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Kwa viwanda kama vya Lowell, waliosimama kwa mashine walikuwa hasa wasichana, zaidi ya saa kumi na mbili kwa siku. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, merikani ilipungua na vitambaa vya Bombay vikachukua soko. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema mashine "iliokoa muda," muulize muda wa nani. Muda haukupotea hewani. Ulihama kutoka kwa mama wa pwani aliyeweza kuweka uzi chini mtoto akilia, ukaenda kwa mtumwa na kwa msichana wa kiwandani ambao hawangeweza kuweka chochote chini mpaka waruhusiwe.

Uingereza nako watu waliliona hilo mapema. James Hargreaves alibuni mashine ya kusokota nyuzi nyingi kwa mpigo karibu mwaka 1764. Ya kwanza ilikuwa na vijiti vinane. Mwaka 1768 watu wa Blackburn walivamia nyumba yake wakazivunja mashine zake, na akahamia Nottingham. Vitabu vingi hufundisha kwamba hao walikuwa washamba wanaogopa maendeleo. Lakini fikiria familia ambayo mama na mabinti walikuwa wanaleta shilingi kadhaa kwa kusokota nyumbani, wakati wa kungoja. Shilingi hizo zinaondoka, na kungoja kunabaki palepale. Hakuna mashine ya kungoja mtoto alale.

Kiondo kiliponea wapi? Kiliponea kwa sababu kwa miaka mingi hakuna kiwanda kilichojishughulisha nacho. Nguo zilikuja kwa meli, viondo havikuja. Ndiyo maana shosho yako, ambaye hakuwahi kusokota uzi wa nguo hata siku moja, alijua kusokota uzi wa kiondo.

Mwanamume akisokota

Kuna mtu mmoja ambaye kila mtu anajua alisokota: Gandhi. Ukitafuta picha yake utamwona na gurudumu la kusokotea, charkha. Kwake pamba iliyosokotwa India ilikuwa njia ya kukataa kitambaa cha viwanda vya Uingereza, na aliwaomba wafuasi wake wasokote angalau nusu saa kila siku. Mwaka 1924 chama cha Congress kilipitisha kwamba wanachama wachangie yadi 2,000 za uzi waliosokota kila mwezi. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha wasokotaji cha India nzima. Mwaka 1931 Congress ikapitisha rasmi bendera yenye charkha.

Sina noma na Gandhi kwa hili. Ni mkakati ulioingia kwa kila nyumba. Lakini tazama tofauti. Yeye alitenga nusu saa, akakaa, mlango umefungwa ama wageni wamenyamaza, na huo uzi ukawa siasa, ukawa sala, ukawa bendera. Mwanamke wa kijiji cha India aliyekuwa akisokota tangu utotoni, huku anakoroga dengu, uzi wake ulikuwa uzi tu. Hata gurudumu lenyewe Gandhi alilipata kupitia mwanamke, Gangaben Majmudar, aliyezunguka Gujarat akitafuta nyumba ambazo bado zilikuwa nalo. Lilikuwa limewekwa darini, linakusanya vumbi. Kazi ni ileile na vidole vinafanya vilevile, lakini yule mwenye saa rasmi ndiye aliyeandikwa.

Kwetu mkoloni alikuja na toleo lake la hiyo hadithi. Maendeleo ya Wanawake ilipoanza mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, vilabu vyake vilifundisha usafi, upishi, ulezi, kushona na kufuma sweta. Kuna wanawake walinufaika, na baadaye chama kikawa cha Wakenya wenyewe. Lakini kuna kitu cha kuchekesha kwa mtu kutoka ng'ambo kukufundisha kushika uzi, wakati paja lako limeota sugu kwa kusokota tangu ukiwa msichana.

Kiondo kilipoenda ng'ambo

Miaka ya 1970 na 1980 kiondo kikawa fasheni. Maduka ya Ulaya, Marekani na Japani yakavitaka. Vikundi vya akina mama Machakos na Kitui vikawa vinasuka kwa oda, na pesa ikaingia vijijini, pesa ambayo mwanamke aliishika kwa mkono wake mwenyewe. Ada ya shule ya watu wengi tunaowajua ilitoka hapo. Usidharau.

Lakini oda ina tarehe, na tarehe haijui kukatizwa. Kazi iliyokuwa inajaza kungoja ikaanza kudai saa zake, usiku, kwa koroboi. Na kwa kuwa kusokota ndiyo sehemu inayokula muda zaidi na inaonekana kidogo zaidi, ndiyo ilikuwa ya kwanza kukatwa: uzi wa nailoni ukaingia, nyuzi za dukani zikaingia. Kisha viwanda vya Asia vikaiga kiondo, vikauza rahisi, na soko likaporomoka. Nyumbani mifuko ya plastiki ikachukua nafasi yake sokoni mpaka ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Wengi tulidhani kiondo kitarudi kwa kishindo. Kimerudi kama pambo la Instagram, na mboga tunabebea mifuko mingine ya kiwandani.

Kitu shosho alijua

Sasa, nisikupe picha ya huzuni tupu, kwa sababu wanawake wenyewe hawaelezi hivyo. Muulize shosho yeyote aliyesuka. Wengi watakuambia walipenda. Watakuambia kuhusu kukaa na wenzao chini ya mti, kupiga stori, kufundishana mistari mipya, kusengenya kidogo.

Na hapa ndipo nilielewa kitu ambacho vitabu havikunipa. Mwanamke aliyekaa chini ya mti bila kitu mkononi angeulizwa, "Wewe umekaa tu?" Mwanamke aliyekaa chini ya mti akisokota hakuna wa kumuuliza. Uzi ulikuwa ruhusa. Ulimpa haki ya kukaa, ya kunyamaza, ya kuongea na rafiki yake kwa saa moja bila mtu kumwita mvivu. Tunauliza alipata wapi muda wa kusokota, na huenda uzi ndio uliompatia muda wenyewe. Katika nyumba ambapo kila dakika yake ilikuwa ya mtu mwingine, hizo zilikuwa zake, mradi vidole visisimame.

Inanifurahisha na inaniuma pia. Kwa sababu inamaanisha hata mapumziko yake ilibidi yatoe bidhaa.

Na usidhani hayo ni ya zamani. Shirika la takwimu, KNBS, lilifanya utafiti wa kwanza wa kitaifa wa jinsi Wakenya wanavyotumia muda mwaka 2021. Wanawake walionekana kutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Mara tano, na simu ziko, gesi iko, unga wa paketi uko. Ukimwambia mama kama huyo "jitengee muda wa kufanya unachopenda," unampa ushauri wa Gandhi bila kumpa mlango wa kufunga.

Bei ya dakika tano tano

Narudi kwa dem wa krosheti. Mko wengi, najua, na wanaume pia mmeingia. Mnafuma topu, kofia, mikoba, kwa matatu, kwa foleni ya benki, nyuma ya darasa. Halafu mteja anaingia na kusema, "Elfu mbili? Kwa nyuzi tu?" Na wewe unahesabu bei ya nyuzi, unaongeza kidogo, unashusha. Saa hukuziweka, kwa sababu unajiambia zilikuwa saa za matatu, ungekuwa umekaa tu hata hivyo.

Hapo ndipo hesabu ya shosho ilirukwa. "Alikuwa anangoja tu maharagwe hata hivyo." Hivyo ndivyo uzi wa dunia nzima ulivyopatikana bure.

Kwa hivyo naomba vitu viwili vidogo. Ukifuma, andika saa zako kwa simu, hata zile za dakika tano tano, wiki moja tu, halafu uzizidishe kwa pesa ambayo ungelipwa kwa kibarua chochote mtaani. Huenda usiweze kulipisha hiyo bei leo. Lakini ijue, na mteja akiuliza, mwambie.

Na ukiwa Maasai Market umeshika kiondo cha mkonge, kabla hujasema "punguza, mama," muulize uzi ulisokotwa na nani, na lini. Usiulize alitoa wapi muda. Akikujibu, kaa usikilize mpaka amalize. Halafu, kama bado unataka, punguziwa.